Mfuta Ila na Meli Mpya

Kwanza kabisa, sisi hatujambo. Nalisema hili mapema kwa sababu mimi ni balozi wa nyumba kumi, na balozi haruhusiwi kueleza jambo lolote la taifa kabla ya kuthibitisha kwamba hatujambo. Nchi yetu yenyewe inaitwa Jamhuri ya Hatujambo. Msijisumbue kuitafuta kwenye ramani. Ramani yetu ipo, imechorwa vizuri kwa rangi nne, lakini bado haijazinduliwa.

Na kwetu kitu kipya hakiguswi, hakitumiki wala hakijaribiwi mpaka Mheshimiwa akate utepe. Hiyo ni sheria. Hapa mtaani tuna zahanati iliyokamilika miaka sita iliyopita, ina vitanda, ina dawa, ina hadi mzani wa watoto. Tukiugua tunakwenda kulala kwenye nyasi karibu na ukuta wake, tunapata nafuu kwa kuwa jirani nayo. Hatuna haraka, Mheshimiwa ana mambo mengi.

Jambo la pili si sheria, ni malezi tu. Mtu akiulizwa habari, anajibu nzuri. Hata nyumba iwe inaungua, unaulizwa habari za nyumbani, unajibu, "Nzuri, ila nyumba inaungua." Wema kwanza, moto baadaye. Ndivyo walivyotulea wazee wetu, na sioni ubaya wake.

Sasa serikali yetu sikivu iligundua kwamba taarifa zote zinazofika mezani kwa Mheshimiwa Waziri zina sehemu mbili. Sehemu ya kwanza inampa raha. Ya pili inaanza na neno ila, na inampandisha presha. Ikaundwa tume. Tume ikakaa hotelini miezi kumi na minne, ikala kuku, ikaja na pendekezo moja lenye kurasa mia tatu: presha inaletwa na ila, kwa hiyo ila ziondolewe. Ndipo kikaanzishwa cheo cha Mfuta Ila Mkuu.

Mwenye cheo hicho ni jirani yangu wa ukuta kwa ukuta, Bwana Mshamu Kitwana, mtu mpole ambaye vidole vyake ni vyeusi mpaka kwenye kiwiko. Kwa miaka ishirini na tisa kila taarifa ya nchi imepita kwake. Anaishika, anaitafuta ila, akishaiona anafumba macho, kwa sababu kanuni inamkataza kusoma kinachofuata, kisha anapaka wino mweusi mpaka karatasi iishe. Taarifa inafika juu ikiwa imebaki vile inavyopendeza: Barabara ni nzuri. Mavuno ni mazuri. Daraja ni zuri. Mheshimiwa anasoma, anashushia na maji ya madafu, analala usingizi wa mtoto.

Basi tukawa tunaendelea hivyo, mpaka ilipokuja meli.

*

Mheshimiwa wetu anaitwa Daktari Makeke, Waziri wa Fahari na Vyombo Vipya. Udaktari wake aliupata kwa heshima, baada ya kuzindua chuo. Siku moja alikwenda kunyoa ndevu, akaona kwenye ukuta wa kinyozi kalenda yenye picha ya meli kubwa ya starehe, ghorofa juu ya ghorofa, wazungu wamelala juani kama dagaa wanaoanikwa. Akauliza, "Hii sisi tunayo?" Kinyozi akajibu, "Mheshimiwa, tunayo, ila bado haijajengwa." Kwa bahati mbaya kinyozi hakuwa na mfuta ila wake. Kesho yake tukatangaziwa meli.

Ikajengwa ufukweni mwa Ziwa Kunazi, juu ya magogo, na haikuguswa na maji hata tone, maana haijazinduliwa. Ikapewa jina MV Tumefika. Nilikwenda kuiona kwa macho yangu. Jamani! Ghorofa tano, nyeupe pe, saluni tatu, ukumbi wa harusi, bwawa la kuogelea, na ofisi kamili ya mkuu wa wilaya endapo abiria watahitaji kugombezwa safarini. Madirisha yana nondo kuzuia wezi. Nikajisikia mtu.

Kisha likaja tangazo la safari ya kwanza kabisa, kuzunguka ziwa siku moja na usiku wake. Wananchi wanakaribishwa kukata tiketi kwa hiari, mwisho Ijumaa saa tisa alasiri. Mimi mwenyewe ndiye niliyegawa fomu za hiari kwenye nyumba zangu kumi. Swali la kwanza liliuliza kama utasafiri, na lilikuwa na majibu matatu ya kuchagua: "ndiyo"; "ndiyo, kwa furaha"; na "ndiyo, pamoja na familia". Chini kabisa, kwa maandishi madogo, walikuwa wameandika kwamba wasiotaka kusafiri wajaze fomu hiyo hiyo.

Mke wa Bwana Mshamu, Bi Kidawa, aliipokea fomu yake kwa mikono miwili akaibusu.

Hapa lazima niwaambie kitu kuhusu Bi Kidawa. Alipoolewa, miaka thelathini na moja iliyopita, Bwana Mshamu alimwahidi kwamba fungate yao itakuwa juu ya maji. Mwaka ule mvua zikagoma, mtumbwi wa kukodi ukapasuka, akamwambia mwakani. Mwakani akazaliwa Shani, binti yao. Mwakani yake akapata cheo. Mwakani zimefuatana mpaka Shani mwenyewe kaolewa, kaenda fungate yake na karudi, mama yake bado anangoja mwakani.

Jioni ile niliyasikia mazungumzo yao kwa masikio yangu. Sikuwa na nia ya kusikiliza. Nilikuwa nimeweka bilauri kwenye ukuta kuangalia kama ukuta una unyevu, na sikio langu lilikuwa karibu.

"Baba Shani," alisema Bi Kidawa, "habari za meli?"

"Nzuri."

"Basi kakate tiketi."

Nikasikia Bwana Mshamu akivuta kiti.

"Nimesema kakate tiketi. Au na hii ni ya mwakani?"

"Siyo hivyo, Mama Shani. Tufikirie kidogo."

"Nimefikiria miaka thelathini na moja! Sikiliza nikwambie. Safari hii usiponipandisha meli, nakwenda kwetu Mkokoni, na huko wewe utakuja kama mgeni, ukiulizwa habari utajibu nzuri, na utarudi peke yako. Nimechoka mimi."

Kisha nikasikia mlango ukibamizwa, bilauri yangu ikatetemeka.

*

Usiku haujaingia Bwana Mshamu akaniita ukutani. Uso ulikuwa umemshuka.

"Balozi, ile taarifa ya ukaguzi wa meli niliipitisha mimi."

"Hongera."

"Hongera ya nini? Ila ya kawaida ni mstari mmoja. Ila ya zahanati ilikuwa mistari mitatu nikadhani ndiyo kubwa kuliko zote. Ya meli ilikuwa kurasa nne. Kurasa nne, Balozi! Nilimaliza chupa mbili za wino, mkono ukaniuma wiki nzima."

"Ilikuwa inasema nini?"

"Nitajuaje, nami nilifumba macho?"

Kwa kweli nilimwonea huruma. Mtu anampenda mkewe, hilo mtaa mzima unajua, anamnunulia samaki, anamwachia kichwa, yeye anakula mkia. Akikata tiketi, huenda anampeleka kwenye kurasa nne za balaa. Asipokata, mke anakwenda Mkokoni. Na akimwambia sababu, atakuwa ametamka ila, na Mfuta Ila akitamka ila anafukuzwa kazi na kutolewa kwenye nyumba ya serikali kabla jua halijazama.

"Kamuulize aliyeiandika," nikamwambia, maana mimi nikishauri nashauri.

Aliyeiandika ni Mhandisi Pazi, mkaguzi wa meli, ambaye baada ya taarifa ile alipandishwa cheo akapelekwa Mlima Kigongo kuanzisha Kituo cha Ukaguzi wa Meli, Kanda ya Milima. Jumatano tukapanda lori la viazi, Bwana Mshamu na mimi. Mimi nilikwenda kwa ajili ya usalama wa taifa, na pia sikuwahi kufika Kigongo.

Tulimkuta Mhandisi ofisini, amevaa makoti mawili kwa baridi. Ukutani amebandika takwimu zinazoonyesha kwamba meli zote zilizofika kituoni hapo tangu kianzishwe ni salama.

"Habari za kazi, Mhandisi?" akauliza Bwana Mshamu.

"Nzuri," akajibu Mhandisi, akafunga mdomo haraka.

"Ila?"

Nusura nidondoke kwenye kiti. Tangu nizaliwe sikuwahi kumsikia mtumishi wa umma akiomba ila kwa mdomo wake. Mhandisi naye alishtuka, akanitazama mimi.

"Huyu ni nani?"

"Ni balozi wangu wa nyumba kumi."

"Basi mimi sisemi kitu."

Niliumia kidogo, lakini ni haki yake. Akainuka, akaleta beseni la maji akaliweka mezani. Kisha akafungua mtoto wa meza, akatoa kipande cheupe chenye ukubwa wa andazi, akatuonyesha. Kilikuwa na rangi ile ile ya MV Tumefika. Akakiachia juu ya beseni.

Chubwi!

Tukainama wote watatu kutazama. Kipande kilikuwa chini kimetulia.

"Pengine bado kinajiandaa," nikasema, maana mimi ni mtu wa matumaini.

Tukasubiri. Chai ikaletwa tukanywa, na viazi vya kuchemsha. Kipande bado kiko chini.

"Ni saruji?" akauliza Bwana Mshamu kwa sauti ndogo.

"Mimi sijasema."

"Meli nzima?"

"Mimi sijasema. Mkandarasi ni mjenzi wa maghala ya pamba. Alipewa kazi ya meli, na alichonacho ni saruji. Ulitaka aijenge kwa nini, kwa ugali?"

"Na zile kurasa nne?"

"Sentensi moja ilikuwa ya meli. Zilizobaki zote nilikuwa naomba radhi kwa kuiandika hiyo moja."

Nikauliza, kwa ujinga wangu, kwa nini wasiisogeze majini kidogo tu waone.

"Kabla haijazinduliwa?" akasema Mhandisi, na akanitazama kwa namna ambayo naona haya mpaka leo.

*

Njiani kurudi Bwana Mshamu alitazama kila dimbwi tulilolipita. Tulipofika mteremko wa mwisho, ziwa likaonekana kule chini, na meli imekaa pembeni yake nyeupe kama jino, ndipo aliposema, "Mama Shani hajui kuogelea."

"Nani anajua?" nikamjibu. "Kwani bwawa la shule limezinduliwa?"

Siku ya Ijumaa mstari wa kukata tiketi ulikuwa mrefu kutoka dirishani mpaka kwenye soko la samaki. Bi Kidawa alikuwa amevaa gauni la samawati lililoshonwa maalumu, na kofia ya ukili yenye utepe, anasalimia watu kama yeye ndiye aliyeijenga meli. Bwana Mshamu alikuwa mbele yake, anajipangusa jasho. Mimi nilikuwa wa tatu, kwa sababu za kiusalama.

Tukafika dirishani. Karani akasukuma fomu na kalamu. Bwana Mshamu akaishika kalamu, akaikung'uta mara tatu hata wino ukaruka ukaichafua kola ya karani.

"Unakung'uta nini?" akauliza Bi Kidawa. "Habari za meli si nzuri?"

"Nzuri."

"Basi tia saini, mwanamume. Watu wanangoja."

Akaitazama fomu. Akamtazama mkewe, kofia yake, utepe wake. Akairudisha kalamu. Kisha akasema, tena kwa sauti ambayo sikujua anayo:

"Nzuri, Mama Shani, ila haielei."

Mstari wote ukageuka. Hata inzi wa soko la samaki waligeuka, nawaapia.

"Ila nini?" akasema Bi Kidawa.

"Haielei! Ni saruji tupu. Wakiisukuma majini itakwenda chini na watu wake. Sikutaka ufe, mke wangu. Bora uende Mkokoni uwe hai, nije kukutazama dirishani."

Wananchi wa Hatujambo wana adabu. Hakuna aliyekimbia, maana kukimbia ni kukubali kwamba umesikia. Ila mzee mmoja nyuma yangu alijipiga kipaji cha uso akasema, "Loo, nimeacha maharage jikoni." Mama aliyemfuata akakumbuka naye kaacha maharage. Kumbe mji mzima siku ile ulikuwa umebandika maharage. Haikupita dakika kumi, pale dirishani tukabaki karani, mimi, Bi Kidawa ambaye alikuwa bado ameduwaa, na askari mmoja aliyekuwa amemshika Bwana Mshamu mkono kwa upole.

Kituoni, askari akaandika taarifa. Na kwa kuwa ni askari aliyesomea, aliiandika kama inavyotakiwa, wema kwanza: "Bwana Mshamu Kitwana ni mtumishi mzuri sana, ila leo saa sita mchana ametangaza mbele ya umma kwamba meli ya taifa haielei." Akapiga muhuri, akaipeleka wizarani.

Wizarani mwenye meza alikuwa lokapu. Msaidizi wake, Bi Mwatumu, mwanamke hodari ambaye alikuwa amekingojea cheo hicho kwa miaka tisa, akaipokea, akaiona ila, akafumba macho, akapaka wino.

Ikafika kwa Mheshimiwa Daktari Makeke hivi: "Bwana Mshamu Kitwana ni mtumishi mzuri sana."

Inasemekana Mheshimiwa alilia. Polisi kumsifia raia, tena kwa maneno machache hivyo, bila kuombwa! Akaamuru mtu huyo aletwe mbele yake, na walipomjibu kwamba yuko kituoni, akasema, "Mnaona? Mpaka Ijumaa jioni yuko kazini." Pale pale akaamuru arudishwe nyumbani akapumzike, akamtunuku zawadi ya taifa: tiketi mbili za daraja la kwanza katika safari ya uzinduzi wa MV Tumefika, chumba kinachopakana na chake. Na mke wa mtumishi huyo atakuwa abiria wa kwanza kukanyaga meli, na atajibu salamu ya Mheshimiwa moja kwa moja redioni, nchi nzima ikisikiliza.

Saa moja baadaye likatoka tangazo jingine, kwamba ni marufuku kupika maharage mpaka Jumapili, na waliokuwa kwenye mstari wahesabiwe kuwa wamekwisha kukata tiketi.

*

Usiku ule ukuta wangu ulikuwa na unyevu mwingi, ikabidi niuangalie kwa muda mrefu.

"Tutoroke," alisema Bwana Mshamu.

"Twende wapi? Zawadi ya taifa haikataliwi. Mtu wa mwisho kuikataa alikuwa marehemu, na bado walimvisha nishani."

"Basi nitajifanya mgonjwa."

"Watakupeleka zahanati? Haijazinduliwa."

Kitanda kikalia. Nikadhani wamelala. Kisha nikasikia sauti ya Bi Kidawa, imebadilika, imelainika.

"Baba Shani. Watu wakikuuliza habari za mkeo, unajibu nini?"

"Nzuri."

"Ila?"

"Ila naogopa ataniacha. Kila siku naogopa. Naamka naogopa, nakwenda kazini naogopa. Sijawahi kukwambia kwa sababu hukuuliza."

"Mimi niulize habari za mume wangu."

"Habari za mumeo?"

"Nzuri. Ila mjinga. Miaka thelathini na moja analala na mtu kitanda kimoja, anamwambia nzuri kama anayemjibu karani." Halafu nikasikia kama mtu anapenga kamasi, sijui ni nani kati yao. "Kesho tutakwenda. Na salamu nitaijibu mimi, wewe usifungue mdomo wako."

Hapo niliiondoa bilauri. Kuna mambo hata balozi anajua hayamhusu.

*

Jumamosi asubuhi ufuko ulijaa. Bendi ya polisi ilikuwa inapiga. Wanamgambo mia mbili walikuwa wamejipanga nyuma ya meli tayari kusukuma, na magogo yamepakwa mawese. Utaratibu ulikuwa hivi: abiria wapande, Mheshimiwa apande, akate utepe akiwa juu, kisha isukumwe.

Abiria tulikuwa mia nne na kitu. Mimi nilikuwemo. Nilikuwa nimepeleka cheti kwamba mgongo unaniuma, wakanijibu kwamba ndiyo vizuri, hewa ya majini inatibu. Na kitu kimoja kilinishangaza: watu wa mji wetu walikuwa wamenenepa ghafla. Wazee niliowajua ni wembamba kama mwanzi walikuja matumbo yamewatangulia. Mama mmoja alishindwa kupita getini ikabidi aingizwe ubavu. Na kila mtu akitembea kulikuwa na sauti, kong', kong', kong'. Mimi sikuuliza, kwa sababu hata mimi chini ya kanzu nilikuwa nimejifunga madumu manne matupu ya mafuta ya kula, na nilikuwa na wasiwasi mtu asije akaniuliza.

Mheshimiwa alifika na miavuli mitatu. Akatutazama kwa furaha.

"Ndugu wananchi!" alianza. "Naona mmenawiri! Naona afya! Wenye wivu wanasema nchi hii ina njaa. Njaa gani, na matumbo haya? Ndugu wananchi, nchi nyingi zina meli. Lakini ni nchi ngapi zina meli ambayo haijawahi kuzama hata mara moja? Ni sisi! Nimeletewa taarifa ya ukaguzi, nimeisoma yote, maneno matatu, na yote matatu yananiunga mkono!"

Tukapiga makofi. Kong', kong'.

"Sasa namwita Mama wa Meli!"

Bi Kidawa akasogea mbele, gauni lile lile la samawati, kofia yenye utepe. Yeye peke yake hakuwa amenenepa. Bwana Mshamu alikuwa ubavuni pake, amekuwa wa kijivu. Kando ya jukwaa, kwenye mitambo ya redio, alikaa Bi Mwatumu, kidole kimewekwa juu ya swichi. Aliagizwa akate matangazo pindi tu asikiapo ila.

Mheshimiwa akamwelekezea kipaza sauti, akatabasamu kwa ajili ya wapiga picha.

"Mama, habari za safari?"

"Mbaya," alisema Bi Kidawa.

Neno likatoka kwenye spika zote, likaenda ziwani, likarudi. Bendi ilikuwa imejiandaa kupiga baada ya jibu, mpiga tarumbeta akawa ametuna mashavu, hajui apulize au ameze. Bi Mwatumu alikuwa ameukazia macho mdomo wa Bi Kidawa, kidole tayari, anangoja ila. Ila haikuja. Hakukuwa na kitu cha kukata. Nchi nzima ilikuwa imekwisha kusikia.

Mheshimiwa akatazama karatasi yake. Mstari uliofuata ulikuwa umeandikwa tangu wiki iliyopita, na kwa kuwa hakuwa na mwingine, akausoma: "Nafurahi sana kusikia hivyo, na nawaomba wananchi wote waige mfano..." Hapo akasita. Akamwinamia katibu wake, nasi tukasikia kupitia kipaza sauti akimuuliza, "Amesema nini yule?"

"Amesema mbaya, Mheshimiwa."

"Mbaya kivipi?"

"Mbaya tu, Mheshimiwa. Imeishia hapo."

Jasho likamtoka. Miavuli mitatu yote ikasogea kumkinga, lakini jasho halikuwa la jua. Nadhani katika uhai wake wote hajawahi kupewa neno lile likiwa halina kitu mbele wala nyuma. Alilirudia polepole kama mtu anayeonja dawa. Alitazama meli. Alitutazama sisi na matumbo yetu, na safari hii alitutazama kwa muda. Mzee mmoja akajikuna, kong'. Mheshimiwa akamsogelea Bi Kidawa, na kwa sauti ya mtu anayeomba maji, yeye mwenyewe, Waziri wa Fahari na Vyombo Vipya, mbele ya bendi na wanamgambo na redio ya taifa, akauliza:

"Mbaya, mama... ila?"

Bi Kidawa akamtafuta mumewe kwa mkono bila kumtazama, akamshika vile vidole vyake vyeusi.

"Ila bado tuko nchi kavu, Mheshimiwa."